Usiku wa Njuka

Taa za bweni zimezimwa, patroni amekwishapita, na kijana wa miaka 17 aliyeripoti kidato cha tano mchana ule, yaani njuka, anaitwa na kaka zake wa kidato cha sita. "Dogo, panda juu ya tranka, ujitambulishe." Anajitambulisha. Anaimba. Kisha inaletwa chupa ya maji ambayo ndani yake hamna maji.

Mzazi akipata habari huuliza kama mtoto hakujua kuwa pombe ni mbaya. Alijua, tena huenda alishaandika insha juu yake. Kilichobadilika usiku ule ni nani anamtazama.

Mwaka 2005 wanasaikolojia wa Marekani, Margo Gardner na Laurence Steinberg, waliwachezesha watu 306 mchezo wa kompyuta wa kuendesha gari: taa ya njano imewaka, je, utasimama au utapita? Vijana wa miaka 13 hadi 16 walithubutu zaidi sana wenzao walipokuwa kando yao wakitazama. Watu wazima, wawe peke yao au na wenzao, waliendesha vilevile. Baadaye vipimo vya ubongo vilionyesha kwamba kijana akijua anatazamwa na rafiki, sehemu zinazopokea raha na zawadi huchangamka zaidi.

Wengi hulinganisha usiku huu na jando. Kufanana kupo: giza, nyimbo, woga, wakubwa waliotangulia. Lakini jandoni kuna kungwi, mtu mzima anayejulikana kwa wazazi, na siku ya wari kutoka hupangwa. Bwenini "kungwi" ana miaka 19. Sehemu ya mbele ya ubongo wake, ile ya kujizuia, itaendelea kukomaa hadi afikie kama miaka 25, na yeye pia anatazamwa na wenzake. Kwa maoni yangu huyu ndiye tunayemsahau: tunamwonya njuka, tunamwacha aliyeshika chupa.

Na kwa nini aliyeteswa mwaka jana atese mwaka huu? Jaribio la Aronson na Mills la mwaka 1959 linatoa fununu. Wanafunzi waliopitishwa katika aibu kubwa ili waingie kwenye kikundi walikisifu kuliko walioingia kirahisi, ingawa mazungumzo yake yalikuwa yamepangwa yachoshe. Kukiri kwamba mateso yalikuwa ya bure ni vigumu.

Sasa la kitabibu, maana ndilo linaloua. Kahawa na maji ya baridi haviondoi pombe mwilini, na kiwango chake katika damu kinaweza kuendelea kupanda hata baada ya mtu kuacha kunywa. Kwa hiyo "mwacheni alale" ni ushauri wa hatari. Aliyelewa alazwe ubavu, asilazwe chali, ili akitapika asipaliwe. Na mmoja akae naye. Akiwa haamki, au akipumua polepole na kwa kukatakata, patroni aamshwe saa hiyo hiyo na mlevi apelekwe hospitali, hata kama bweni zima litaadhibiwa.