Picha za michezo ya vijana: Biashara inayoanza na ridhaa ya mzazi

Siku ya mechi katika uwanja wa Ruring'u mjini Nyeri, au katika viwanja vya Karatina, Othaya na Naro Moru, wazazi huonekana wamesimama kando ya mstari wakiwa wameinua simu. Wengi hurudi nyumbani na picha za migongo ya wachezaji. Simu ya kawaida haivuti mbali vya kutosha, na mpira haumngojei mtu. Mzazi aliyefunga duka ili amwone binti yake akicheza netiboli angefurahi kulipia picha moja nzuri inayoonyesha uso wa mtoto na mpira mkononi.

Hapo ndipo kijana mwenye kamera, au anayeweza kuikodisha, anapopata nafasi ya kuongeza kipato wikendi na nyakati za mashindano ya shule. Nyeri ndiyo kaunti alikozaliwa Catherine Ndereba, bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2003 na 2007, na michezo ya watoto hapa ina mashabiki wake.

Hata hivyo, wengi wanaoingia katika kazi hii huanza na bei ya kamera na kusahau sheria. Mnamo Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja nchini faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Faini kama hiyo inaweza kuizima biashara changa kabla haijasimama.

Sheria inasema nini

Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya kinalinda faragha ya kila mtu, na Kifungu cha 53 kinataka maslahi ya mtoto yatangulizwe katika kila jambo linalomhusu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaongeza kuwa data ya mtoto, yaani mtu aliye chini ya miaka 18, haitumiki bila ridhaa ya mzazi au mlezi, na matumizi yenyewe lazima yawe kwa manufaa ya mtoto. Picha inayomtambulisha mtoto ni data.

Adhabu ya juu kabisa ambayo Kamishna anaweza kutoza ni shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Mwathiriwa pia anaweza kudai fidia.

Mfanyabiashara ambaye mauzo yake hayafiki shilingi milioni 5 kwa mwaka, na mwenye wafanyakazi chini ya 10, kwa kawaida halazimiki kujisajili na Ofisi hiyo. Wapiga picha wengi wanaoanza wako katika kundi hili. Lakini kutosajiliwa si kusamehewa: wajibu wa kuomba ridhaa na kuzitunza picha vizuri unabaki palepale.

Jambo moja huwachanganya wengi. Barua ya mwalimu mkuu au ya kocha humruhusu mpiga picha kuingia uwanjani na kufanya kazi. Barua hiyo haichukui nafasi ya ridhaa ya mzazi.

Kuomba ridhaa kwa vitendo

Fomu ya ukurasa mmoja inatosha, mradi iandikwe kwa lugha ambayo mzazi anaielewa. Iwe na jina la mtoto, timu yake, jina na simu ya mzazi, tarehe na sahihi. Kisha iorodheshe matumizi, kila moja na kisanduku chake cha kutia alama: picha kuuzwa kwa mzazi pekee, picha kutumiwa na shule au klabu, picha kutumiwa na mpiga picha kutangaza kazi yake. Mzazi anaweza kukubali la kwanza na kukataa la tatu. Fomu ieleze pia kwamba mzazi anaweza kuondoa ridhaa wakati wowote, na picha zitafutwa.

Kwa timu za mtaani kazi ni rahisi, kwa kuwa wazazi huja uwanjani au huishi karibu. Shule za bweni zinahitaji mpango wa mapema. Mwanafunzi anayecheza raga Nyeri anaweza kuwa na mzazi Mombasa au Kajiado. Njia nzuri ni kuiomba shule isambaze fomu siku ya kufungua muhula au siku ya wazazi kutembelea watoto, wiki kadhaa kabla ya mashindano. Mtoto ambaye fomu yake haikurudi hapigwi picha ya peke yake, na picha ya timu inayomwonyesha haichapishwi wala kuuzwa.

Mambo mengine ya kuzingatia uwanjani ni haya. Mpiga picha hakai faraghani na mtoto. Kocha au mwalimu awepo. Vyumba vya kubadilishia nguo havipigwi picha kabisa. Mtoto aliyeumia au anayelia huachwa na hadhi yake. Picha ikichapishwa, jina kamili, shule na mtaa anakoishi mtoto visiandikwe pamoja, maana hiyo ni sawa na kumwelekeza mtu asiyejulikana hadi mlangoni.

Vifaa na hali ya hewa ya Mlima Kenya

Kamera iliyotumika, yenye lenzi inayobadilishwa, inatosha kuanzia. Fedha zaidi ziende kwenye lenzi ya kuvuta mbali, kwa mfano ya milimita 70 hadi 300, kwa sababu mchezaji aliye katikati ya uwanja hafikiwi na lenzi fupi. Betri ya pili na kadi ya kumbukumbu ya akiba ni lazima. Anayenunua kifaa kilichotumika adai risiti yenye namba ya kifaa, ili asije akajikuta na mali ya wizi.

Kwa kawaida, michezo ya shule za sekondari hufuata mihula. Muhula wa kwanza huwa na mpira wa vikapu, magongo, mpira wa mikono na raga ya wachezaji 15. Wa pili huwa na soka, voliboli, netiboli na raga ya wachezaji 7. Hii ina maana kwamba msimu wa soka hufikia kilele Juni na Julai, wakati ambapo miji ya Nyeri, Karatina na Kerugoya huwa chini ya mawingu, baridi na manyunyu. Mwanga huwa hafifu, na picha ya mchezaji anayekimbia hutoka ikiwa imetiwa ukungu.

Siku ya jua, kasi ya shata ya 1/1000 ya sekunde husimamisha mwendo vizuri. Siku ya mawingu, kasi isishuke chini ya 1/500. Ni afadhali kupandisha ISO hadi 1600 au zaidi na kuvumilia chengachenga kidogo kuliko kupata picha isiyo na uso. Mpiga picha asimame nje ya mstari, karibu na kona ya uwanja, jua likiwa nyuma yake, ili wachezaji wanaoshambulia wamjie. Mfuko wa plastiki na kitambaa kikavu vitaiokoa kamera manyunyu yakianza.

Hesabu ya siku moja

Tuseme kijana amekodisha kamera kwa shilingi 1,500, ametumia nauli shilingi 400 na data shilingi 100, kisha akauza picha 30 zilizochapishwa kwa shilingi 150 kila moja. Mauzo ni shilingi 4,500. Ikiwa kila picha ilichapishwa kwa shilingi 40, uchapishaji umekula shilingi 1,200. Gharama zote ni shilingi 3,200, na kinachobaki ni shilingi 1,300 kwa kazi ya siku nzima, pamoja na usiku wa kuchagua na kusafisha picha.

Hesabu hii ni ya mfano, na kila mtu ataweka bei za kwao. Inachoonyesha ni kwamba kukodisha kamera ndiko kunakokula faida. Inafaa kutenga sehemu ya mapato ya kila mechi hadi kamera ya mtu mwenyewe ipatikane, na kutafuta makubaliano ya msimu na klabu au shule badala ya kutegemea mauzo ya pembeni mwa uwanja.

Mkopo uangaliwe kwa makini. Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa Novemba 2022, hutoa mikopo ya kibinafsi kuanzia shilingi 500 hadi 50,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, lakini hulipwa ndani ya siku 14. Mkopo wa aina hiyo unaweza kulipia uchapishaji wa picha ambazo tayari zimeagizwa. Haufai kununulia kamera itakayorudisha gharama yake baada ya miezi.

Picha ni mali ya nani

Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, hakimiliki huanza kwa aliyepiga picha. Lakini shule au klabu ikimwajiri kwa kazi maalum, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza kazi, isipokuwa pande zote mbili zikubaliane vingine. Kwa hiyo makubaliano yaandikwe kabla ya mechi: nani anamiliki picha, nani anaweza kuziuza, na zitahifadhiwa kwa muda gani. Hakimiliki yenyewe haifuti haja ya ridhaa ya mzazi.

Wakati wa kuuza, kila mzazi atumiwe picha za mtoto wake pekee, zikiwa ndogo na zenye alama, kisha picha kamili baada ya malipo. Kuzimwaga zote katika kundi la WhatsApp ni kuzichapisha.

Kuhalalisha biashara

Jina la biashara husajiliwa kupitia eCitizen, na anayehitaji msaada anaweza kufika Huduma Centre mjini Nyeri. Namba ya PIN ya KRA inahitajika. Biashara yenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 1 lakini yasiyozidi milioni 25 kwa mwaka iko katika kodi ya mauzo, ambayo ni asilimia 3 tangu Julai 2023.

Anayefungua studio au duka anahitaji kibali cha biashara cha kaunti. Anayefanya kazi viwanjani pekee aulize ofisi ya mapato ya kaunti ndogo yake kabla ya kuanza, na anayevuka hadi Nanyuki au Kerugoya aulize katika kaunti husika. Droni hairushwi bila idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, hata juu ya uwanja wa kijiji.

Ni busara pia kuwa na cheti cha mwenendo mwema kutoka DCI, kinachoombwa kupitia eCitizen. Mwalimu mkuu anayekabidhiwa cheti hicho, fomu za ridhaa na makubaliano yaliyoandikwa ana sababu ya kumwita mpiga picha huyo tena muhula ujao.

Mzazi ambaye picha ya mtoto wake imetumiwa bila ridhaa anaweza kuwasilisha malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo inatakiwa kuyakamilisha ndani ya siku 90. Mtu yeyote mwenye wasiwasi kuhusu usalama wa mtoto apige simu 116 bila malipo.