Kwa Nini Somo la Programu Huanzia Kwenye Karatasi
Wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu wanaojifunza kuandika programu za kompyuta hukwama katika kulichambua tatizo, hata pale wanapozijua vyema amri za lugha kama Python.

Mfano ni zoezi la kutambua mwaka mrefu, yaani wenye siku 366. Wengi huandika kwamba kila mwaka unaogawanyika kwa 4 bila baki ni mrefu. Programu hujibu sawasawa kwa 2023 na 2024, na mwandishi wake huridhika. Ikipewa 1900 hukosea, kwa sababu mwaka unaotimiza karne huwa mrefu pale tu unapogawanyika kwa 400, kama 2000. Kompyuta haitoi onyo, imetii ilichoamriwa.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa kibodi, mwanafunzi hutakiwa kuandika hatua zake kwa lugha ya kawaida, kuzifuata kwa mkono, kisha kutafuta mwaka utakaoiangusha kanuni yake mwenyewe. Zoezi hili la mwisho ndilo gumu, na ndilo hurukwa mara nyingi muda unapobana. Anayelikosa chuoni huenda kesho akaandika mfumo wa mishahara au wa vipimo vya dawa, ambako jibu la makosa hufanana kabisa na lililo sahihi.