Dawa Iliyogeuka Ugonjwa: Kisa cha Maji na Udongo katika Mbuga za Kanada

Hakuna mkulima asiyeuogopa ukame. Lakini je, yawezekana mtu akayahifadhi vyema maji ya shamba lake, na kwa tendo lilo hilo akaupoteza udongo wake? Yawezekana, na jambo hilo limekwisha tokea katika mbuga za Kanada.

Mbuga hizo ni nchi tambarare iliyoenea katika majimbo ya Manitoba, Saskatchewan na Alberta. Zamani zilifunikwa na majani yenye mizizi mirefu, iliyoushika udongo na kuyanywa maji ya theluji iyeyukapo. Wenyeji wake, kama vile Wacree na Wablackfoot, waliishi kwa kuwinda nyati. Mvua huko ni chache, na upepo ni mwingi.

Mwaka 1857 John Palliser alitumwa kutoka Uingereza kuipeleleza nchi hiyo. Alipomaliza safari zake mwaka 1860, alionya kuwa sehemu ya kusini ni kavu mno, haitumainiwi kwa kilimo. Baadaye John Macoun, mjuzi wa mimea, aliipita nchi hiyo katika miaka ya 1879 na 1880, wakati wa mvua nyingi, akasema ina rutuba. Kila mmoja alisema aliyoyaona. Lakini watu waliyapenda zaidi maneno ya Macoun. Sheria ya mwaka 1872 ilikuwa imekwisha mruhusu mhamiaji kupata eka 160 kwa ada ya dola 10, kwa sharti la kukaa na kulima. Reli ilipokamilika mwaka 1885, njia ikawa nyeupe.

Mwaka huo huo vilizuka vita baina ya serikali na watu wa Métis. Huko Indian Head, farasi wa wakulima walikodiwa kuchukua mizigo ya jeshi, na mashamba mengine yakakosa kupandwa. Mwaka 1886 ukaja ukame. Mkulima mmoja, Angus Mackay, akaona ajabu: mashamba mengine yamekauka, lakini lile lililolala bila mbegu mwaka uliopita limezaa ngano. Ardhi ilikuwa imeyaweka maji ya mwaka mzima. Tangu hapo wakulima wakafundishwa kupanda mwaka mmoja, na mwaka wa pili kuliacha shamba tupu, wakililima mara kwa mara ili magugu yasiyanywe maji.

Dawa hiyo ililisha watu kwa miaka mingi. Lakini kila jembe lilipopita, udongo ulizidi kusagika ukawa kama unga, wala haukuwa na jani wala bua la kuufunika. Ukame mkali wa miaka ya 1930 ulipofika, upepo ukauinua udongo huo. Vumbi likalificha jua, likazizika nyua, likaingia hata katika vyakula mezani. Mwaka 1937, katika jimbo la Saskatchewan, wastani wa mavuno ya ngano haukufikia busheli 3 kwa eka. Jamaa nyingi zikafunga mizigo, zikayaacha mashamba na nyumba.

Mwaka 1935 serikali ilikuwa imeunda idara ya kuzifufua mbuga. Idara hiyo iliwasaidia wakulima kuchimba mabwawa madogo ya kukinga maji ya theluji, na ardhi iliyoharibika ikapandwa majani ya malisho. Naye Charles Noble, mkulima wa Alberta, akabuni jembe lenye kisu kipana kipitacho chini ya udongo. Kisu hukata mizizi ya magugu, na mabua ya ngano hubaki yamesimama. Mabua hayo huvunja nguvu ya upepo, na wakati wa baridi huinasa theluji, ikayeyukia papo hapo shambani.

Leo wakulima wengi wa huko hupanda mbegu katika mabua bila kulima kwanza, na desturi ya kuliacha shamba tupu imepungua sana. Hata hivyo, magugu sasa huuawa kwa madawa ya kunyunyizia, na yapo magugu yaliyokwisha yazoea. Dawa hii nayo yataka macho.

Enyi vijana, Mackay hakuwa mjinga. Aliyoyaona yalikuwa kweli. Kosa lilikuwa kuyatazama maji peke yake, na kuusahau udongo uliyoyabeba.