Fahamu: Mfumo wa "panda au ondoka" kwa mawakili vijana

Ni utaratibu wa kampuni kubwa za mawakili: kijana hupewa miaka kadhaa ya kujithibitisha. Akifaulu hufanywa mbia; asipofaulu hufungasha virago.

Ulikotoka

Paul Cravath, wakili wa New York, aliusimika mwanzoni mwa karne ya 20. Aliajiri wahitimu bora moja kwa moja kutoka vyuoni, wakajifunza kazi chini ya wakubwa wao.

Kwa nini unajadiliwa sasa

Programu za akili mnemba zinapekua nyaraka na kuandaa rasimu za kwanza. Kazi hizo zilichosha, naam, lakini ndizo zilizomfundisha wakili mchanga kusoma mkataba, tena kwa gharama ya mteja aliyelipa kwa saa. Mteja akikataa kulipia saa hizo, nani atagharimia mafunzo? Hapa ndipo penye utata halisi.

Yanayopendekezwa

Baadhi wanataka vyeo vitolewe kwa ujuzi uliopimwa, si kwa miaka kazini.

Njia ya kufuzu nayo inabadilika. Tangu 2021, England na Wales zina mtihani wa kufuzu uwakili uitwao SQE na miaka miwili ya uzoefu wa kazi, inayoweza kugawanywa katika taasisi hadi nne. Kenya bado inadai miezi sita ya mafunzo chini ya wakili mzoefu.