Damu Haisemi Mtoto Anaumwa Vipi

Miongoni mwa mambo ambayo utafiti wa saratani umefanikiwa nayo ni kuisoma damu ya mgonjwa. Mwaka 1963 mwanasayansi wa Kisovieti, Garri Abelev, aligundua katika damu ya panya wenye uvimbe wa ini protini ambayo kwa kawaida ni ya kijusi. Protini hiyo, alfafetoprotini, hutengenezwa na mtoto angali tumboni mwa mamaye, hupungua mno katika mwaka wa kwanza wa maisha yake, na huweza kupanda tena ini lishikwapo na saratani. Hicho ndicho wanachokiita kiashiria cha uvimbe. Kiwango kikishuka baada ya matibabu, daktari hujua kwamba dawa inafanya kazi.

Sina ugomvi na elimu hiyo, imewafaa wengi. Ila hakuna kiashiria cha damu kinachomwambia daktari jinsi mtoto huyo anavyoumwa. Kwa mtoto mchanga hutazamwa uso, kilio na namna anavyokataa kuguswa. Mtoto wa miaka saba, hata hivyo, ana maneno, na hapo ndipo sisi wanaisimu tunapostahili kuulizwa.

Niliwahi kuombwa kutafsiri fomu ya kuwahoji watoto wagonjwa. Ya Kiingereza ilikuwa na aina kadhaa za maumivu. Tafsiri ya kwanza niliyoikuta ilikuwa na neno moja tu, “maumivu”, likifuatwa na “makali” au “ya wastani”. Mtu angedhani Kiswahili ni maskini! Kichwa huwanga, jipu hupwita, tumbo husokota, koo hukereketa, kidonda kilichotiwa chumvi huchonyota. Tofauti hizo si mapambo ya lugha. Uvimbe unaobana neva aghalabu huleta maumivu ya kuchoma au ya kupita mwilini kama umeme, na hayo huenda yakahitaji dawa nyingine pamoja na mofini. Mtoto aliyepewa neno moja hana njia ya kumwongoza daktari.

Kuna pia watoto ambao wana maneno lakini huyaficha. Mtoto akijua kwamba kusema “naumwa” huleta sindano, atasema haumwi, huku amejikunja kitandani. Kwa sababu hiyo naisifu mofini ya maji, inywewayo kwa kinywa, ambayo Daktari Anne Merriman aliifanya kuwa msingi wa kazi yake alipoanzisha huduma ya wagonjwa mahututi nchini Uganda mwaka 1993. Hapa kwetu Hospisi ya Nairobi ilikuwa imeanza mwaka 1990. Dawa hiyo haina bei ya kutisha. Hofu ya kwamba itamfanya mtoto mlevi ndiyo iliyoizuia kwa muda mrefu, nayo ni hofu isiyo na msingi inapotolewa kwa kipimo na uangalizi.

Jina la huduma yenyewe nalo lina matatizo yake. Wataalamu wengi huiita tiba shufaa. Shufaa ni neno la Kiarabu, maana yake kumwombea mtu mwingine, na Mwislamu akilisikia hukumbuka Siku ya Kiyama. Si ajabu mzazi akadhani kwamba mwanawe ameshakatiwa tamaa. Ilhali Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kwa watoto huduma hiyo huanza siku ugonjwa unapotambuliwa, na huendelea sambamba na dawa za kuuponya. Mimi ningependelea tusema tu “tiba ya kutuliza”, ambayo hata bibi kijijini ataielewa bila mkalimani.

Fomu ile niliirudisha ikiwa na vitenzi vinane mahali pa neno moja. Niliomba pia nafasi iachwe ambapo muuguzi ataandika neno la mtoto mwenyewe jinsi alivyolitamka, liwe la Kiswahili, la Kigusii au la Kiturkana, na mama aulizwe maana yake kabla ya dawa kupimwa.