Gazeti la Zamani Kwenye Kompyuta: Mashine Hutafuta Herufi, Mtafiti Hutafuta Habari

Mwanafunzi wa historia anayetaka kujua vita vya Maji Maji dhidi ya utawala wa Wajerumani viliandikwaje magazetini mwaka 1905 hahitaji tena nauli ya kwenda Ujerumani. Maktaba ya Staatsbibliothek ya Berlin imeweka mtandaoni picha za kurasa za Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, gazeti la walowezi lililoanza Dar es Salaam mwaka 1899 na kukoma 1916. Kinachowakwamisha wengi sasa ni matumizi. Mtu anaketi kwenye kompyuta ya maktaba ya chuo, anaandika “Maji Maji” katika kisanduku cha kutafutia, anajibiwa kuwa hakuna kilichopatikana, basi anaandika katika tasnifu yake kwamba magazeti yalinyamaza. Hapo amejenga hoja juu ya hewa.

Tuanze na mashine yenyewe. Gazeti la kale hupigwa picha kwanza, mara nyingi kutoka kwenye mikrofilamu iliyokwisha kuchakaa. Kisha programu hupita juu ya picha hiyo na kukisia kila herufi. Unapotafuta neno, kompyuta haisomi gazeti. Inapekua makisio hayo. Penye mkunjo, wino uliofifia au safu zilizobanana, makisio huharibika. Magazeti mengi ya Kijerumani ya enzi zile yalichapwa kwa herufi za Fraktur, ambazo “s” yake ndefu inafanana sana na “f”. Jina Daressalam likichapwa hivyo linaweza kuhifadhiwa kama “Dareffalam”, na anayeliandika kwa usahihi asilipate kamwe. Tena yapo makusanyo yenye picha tupu, yasiyo na maandishi ya kutafutwa. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mkutubi liwe hili: je, mkusanyo huu unatafutika kwa neno, au kwa tarehe tu?

Jambo la pili ni kutumia maneno ya wakati ule. Mwandishi wa Kijerumani wa 1905 aliandika zaidi “Aufstand”, yaani uasi. Mwanza kwa Wajerumani ilikuwa Muansa, Bagamoyo ilikuwa Bagamojo, Lushoto ilikuwa Wilhelmstal, na Tukuyu ilikuwa Neu-Langenburg. Kwa Kenya ya wakoloni, anayetafuta Murang’a ajaribu Fort Hall. Kabla ya kugusa kompyuta, andaa orodha ya majina ya zamani ya mahali, watu na vyeo, pamoja na tahajia zake zote unazozijua.

Magazeti ya Kiswahili yana ugumu wake. Kitenzi chetu hubeba viambishi mbele na nyuma, na kisanduku cha kutafutia hakilijui hilo. Ukiandika “kuasi”, huletewi “walioasi” wala “wameasi”. Ukiweka kinyota (*) cha kuwakilisha herufi zozote mbele na nyuma ya mzizi “asi”, utafurikiwa na nafasi, kasi na wasiwasi. Dawa ni kuandika maumbo yanayotarajiwa, moja baada ya jingine: waasi, uasi, waliasi, walioasi. Kumbuka pia kwamba kamati ya kusanifisha Kiswahili cha Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930. Magazeti ya kabla ya hapo hayakufuata tahajia moja.

Neno likishindikana, ingia kwa tarehe. Vita vya Maji Maji vilianza Umatumbi mwishoni mwa Julai 1905. Kinjeketile Ngwale, mganga aliyewahamasisha wapiganaji, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti. Ngome ya Mahenge ilishambuliwa tarehe 30 mwezi huohuo. Fungua matoleo ya Agosti na Septemba, usome ukurasa kwa ukurasa. Njia hii ni ya polepole, lakini inakuonyesha kilichopewa ukurasa wa kwanza, kilichofichwa ndani, na matangazo ya biashara yaliyokaa jirani na habari za vita. Ndiyo maana nasisitiza kuhifadhi ukurasa mzima, si kipande kilichokatwa.

Kisha uliza gazeti lilikuwa la nani. Deutsch-Ostafrikanische Zeitung liliwasemea walowezi. Kiongozi, la Kiswahili, lilichapwa Tanga katika shule ya serikali, na waandishi wake wengi walikuwa Waafrika waliosoma katika shule za aina hiyo. Lina sauti nyingine, ila nalo lilikuwa chini ya mkono wa serikali. Wazee wa Umatumbi na Ungoni hawakuwa na gazeti. Masimulizi yao yalikusanywa mwaka 1968 na wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam katika mradi wa utafiti wa Maji Maji. Mtafiti makini husoma magazeti na masimulizi hayo kwa pamoja, moja likilisahihisha jingine.

Mwisho ni kumbukumbu. Andika jina la gazeti, tarehe, namba ya toleo, ukurasa, mkusanyo ulimoliona na siku uliyolifungua, kwa maana anwani za mtandaoni hubadilika. Andika pia maneno uliyoyatafuta bila mafanikio, ili msimamizi wako aone ulivyohangaika. Na kabla hujaandika kwamba gazeti halikusema kitu, hakikisha umeyasoma matoleo ya tarehe husika kwa macho yako mwenyewe.