Kizunguzungu: Maswali Kwanza, Kipimo Baadaye

Mtu akilalamikia kizunguzungu hapa Isiolo, majibu mawili humfikia hata kabla hajamwona daktari: ni presha, au ni brusela. La kwanza hupewa na jirani, la pili na muuza dawa. Wakati mwingine husema kweli. Lakini nimewaona watu wakimeza vidonge vya wiki sita kwa ugonjwa wasiokuwa nao, huku damu ikizidi kuwapungukia.

Kabla ya kumtoa mgonjwa damu, namtaka anieleze. Je, nyumba inazunguka, au anahisi anataka kuzimia? Hali hiyo humjia akifanya nini, na hudumu kwa muda gani? Anayegeuka kitandani akaona chumba kikizunguka kwa sekunde kadhaa, kisha kikatulia, mara nyingi tatizo lake liko kwenye sikio la ndani. Humo mna vichembe vya chokaa vinavyousaidia mwili kujua umeinama au umesimama. Vikibanduka na kuingia kwenye mirija ya sikio, ubongo hupata habari za uongo. Tiba yake ni kulaza na kugeuza kichwa kwa mpangilio maalumu, njia iliyobuniwa na John Epley wa Marekani. Huchukua dakika chache, tena bila kidonge.

Anayeona giza akiinuka ni mwingine kabisa. Huyu presha yake huwa inashuka, si kupanda kama jirani anavyodhani. Watu wengi wenye presha ya juu hawasikii lolote, na ndiyo sababu ugonjwa huo ni hatari. Kizunguzungu cha kuinuka huja damu isipofika kichwani upesi. Jua letu hukausha mwili, na mchungaji anaweza kushinda malishoni kwa maji ya chupa moja. Ongeza kuhara, au miraa inayomsahaulisha mtu njaa na usingizi usiku kucha. Wazee wanaotumia dawa za presha, hasa zile za kukojoza, huumia zaidi msimu wa kiangazi.

Kipimo chake hakina gharama. Mgonjwa alale dakika tano, apimwe presha. Asimame, apimwe tena baada ya dakika moja na baada ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, jibu limepatikana. Ajabu ni kwamba kipimo hiki hufanywa mara chache sana, kwa kuwa kila mtu hupimwa akiwa ameketi. Mzee akipatikana hivyo, asiache dawa mwenyewe. Arudi kwa aliyemwandikia, apunguziwe au abadilishiwe.

Kwa kina mama naangalia damu mapema. Hemoglobini chini ya 12, au chini ya 11 kwa mjamzito, ni upungufu. Ukame ukiua mifugo, nyama huadimika, na chai ya maziwa inayonywewa pamoja na chakula huzuia mwili kufyonza madini ya chuma. Lakini damu ikipungua pamoja na homa ya wiki kadhaa, kukonda na tumbo kuvimba upande wa kushoto, tufikirie kalaazari. Ugonjwa huo huenezwa na usubi wanaojificha kwenye vichuguu, na usipotibiwa huua.

Brusela nayo ipo, wala siipuuzi. Huleta homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, maumivu ya mgongo na viungo, na uchovu usioisha. Hupatikana kwa kunywa maziwa mabichi, ya ngamia yakiwemo, au kwa kumzalisha mnyama kwa mikono mitupu. Kufukiza kibuyu kwa moshi au kugandisha maziwa hakutoshi kuua vijidudu, kuchemsha kunatosha. Shida ni kipimo cha haraka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kutoka hospitali za magharibi mwa Kenya ulionyesha kwamba kiliwapa wengi jibu la kuwa wagonjwa ilhali hawakuwa. Basi kizunguzungu peke yake, bila homa wala maumivu ya viungo, hakimtoshi mtu kuanzishiwa matibabu ya brusela. Na matibabu yenyewe yana jambo la kuangaliwa: sindano za streptomisini na jentamisini zinaweza kuharibu sikio la ndani. Anayeanza kuyumba akitembea, au kusikia mvumo masikioni katikati ya matibabu, aseme siku hiyo hiyo.

Mwenye kisukari akishikwa na kizunguzungu huku akitetemeka na kutokwa na jasho jembamba, apimwe sukari papo hapo. Ikiwa chini ya 3.9, apewe kitu kitamu kama bado anaweza kumeza.

Kuna hali ambazo hazingoji maswali yangu: mdomo kupinda, mkono kulegea, maneno kukwama, kuona vitu viwili viwili, maumivu ya kifua, choo cheusi kama lami, kuzimia, au mjamzito kuumwa kichwa sana huku macho yakififia. Aliye mjini apelekwe hospitali ya rufaa mara moja. Aliye Merti au Sericho asisubiri gari la kesho. Kituo kilicho karibu kiarifiwe usiku huo huo ili kiitishe ambulensi.